Namalwa Alinipa

Bondeni, Nakuru
4 Agosti 1956

Mwalimu Namalwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii itakukuta mzima wewe pamoja na watoto wako wa darasa la tatu.

Nimeacha kushona magunia. Msimamizi aliniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda Nakuru kupuliza klarineti. Alicheka mpaka akakaa juu ya ngano ya bwana.

Bendi yetu inaitwa Kreta Jazi. Mwenyewe ni Bashir, Mnubi wa hapa Bondeni, anayepiga besi. Klarineti ninayotumia ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa katika bendi ya jeshi la KAR. Mpiga ngoma wa kweli hatuna tangu Kang'ethe achukuliwe na serikali kwenda kambi ya kizuizini mwaka juzi. Tunacheza Jumapili mchana, kwa sababu ruhusa ya D.C. inakwisha saa kumi na mbili jioni.

Juzi Bashir alinisimamisha katikati ya wimbo. Akasema, "Kimaiyo, nasikia watu wote wa redio ndani ya hiyo klarineti. Wewe uko wapi?" Nimefikiri siku tatu. Nina miaka ishirini na mbili, na jambo moja tu limenipata ambalo ni langu peke yangu: siku ile kwenye mashine ya kupura ngano, vumbi liliponijaa kifuani nikaanguka, na wewe ukatoka shuleni ukiwa na kikombe cha bati. Wenzangu walikuwa wananitazama tu.

Nimelitungia wimbo. Mimi naimba "Namalwa alinipa", bendi inauliza "Alikupa nini?" Hivyo hivyo beti mbili, watu wangoje. Katika ubeti wa tatu ndipo najibu: "Maji!"

Je, una ruhusa yangu? Nimekosea. Je, nina ruhusa yako?

Wako,
Kimaiyo

—

Njoro
19 Agosti 1956

Kimaiyo,

Nimepata barua yako. Wanafunzi wangu wanapochanganya "yangu" na "yako" huwa nawasimamisha kwenye kona.

Umesahau jambo moja. Kwetu Bukusu, Namalwa ni mtoto aliyezaliwa pombe ikipikwa. Wewe mwenyewe uliniambia kwenu Kimaiyo ni mtoto aliyezaliwa pombe ikinywewa. Tulicheka siku hiyo. Lakini kanisa langu halicheki habari ya pombe. Ukiimba "Namalwa alinipa" halafu ukanyamaza, mzee Nicodemus hatafikiria maji.

Nakueleza hali yangu ili uielewe. Nimepata nafasi ya chuo cha ualimu mwakani, mwezi wa tatu. Katika shule zote za kanisa letu ni wasichana wawili tu tuliochukuliwa. Kilichobaki ni cheti cha tabia njema, na anayetia sahihi ni mzee Nicodemus. Bila cheti hakuna chuo, na baada ya hapo hakuna shule itakayoniajiri.

Wimbo wenyewe nimeupenda, sitakudanganya. Hakuna mtu aliyewahi kunitungia kitu. Kwa hiyo jina langu nakuazima, kwa sharti moja: neno "maji" lisikike. Liimbe kwa nguvu, hata kiziwi alipate.

Wako,
Namalwa

—

Bondeni, Nakuru
7 Oktoba 1956

Namalwa mpenzi,

Nimeandika "mpenzi". Nimelitazama neno hilo dakika nzima na sikulifuta.

Habari kubwa! Kampuni ya santuri imetoka Nairobi na mashine zake, wakaziweka katika ghala la mahindi karibu na stesheni, wakarekodi bendi nne. Sisi tulikuwa wa tatu. Kuluthum, dada yake Bashir, alitupigia pasi mashati. Wimbo wetu umechukuliwa! Utatoka kabla ya Krismasi, na kwenye karatasi ya katikati ya santuri pataandikwa NAMALWA ALINIPA, kwa herufi za dhahabu.

Jambo dogo. Upande mmoja wa santuri ni dakika tatu, sindano haiendi zaidi. Basi ubeti wa tatu haukuingia. Bendi inauliza "Alikupa nini?" na klarineti inajibu yenyewe, kama mtu anayecheka. Lakini kwenye dansi tutauimba wote mzima, na watu watajua.

Bashir ameniambia, "Leo nimekusikia wewe." Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo na mwanamume.

Wako daima,
Kimaiyo

—

Njoro
25 Novemba 1956

Kimaiyo,

Wimbo umefika Njoro kabla ya Krismasi. Lalji ameweka gramafoni kwenye baraza la duka lake, na tangu Jumatatu anapiga santuri hiyo asubuhi mpaka anapofunga.

Jumanne nilikwenda kununua chaki. Wanaume sita walikuwa wamekaa kwenye magunia ya mbolea. Klarineti ilipocheka, mmoja akasema, "Mwalimu, alikupa ama ulimpa?" Mwingine akasema, "Mama, mimi naishi hapa karibu, sihitaji kwenda Nakuru." Lalji mwenyewe aliinama akahesabu vibiriti ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa.

Alhamisi niliandika hesabu ubaoni: Mama alinipa machungwa manne. Darasa zima likaitikia, "Alikupa nini?" Watoto wa miaka tisa, Kimaiyo. Niliwachapa, halafu nikatoka nje, maana walikuwa hawajui wanachokisema na mimi nilijua.

Mwalimu Chepngeno, tunayekaa nyumba moja, ananiambia ninyamaze, upepo utapita. Mimi naona tofauti. Waandikie watu wa kampuni. Waambie waitoe santuri tena na neno lake. Ni neno moja tu. Haliwezi kuchukua hata sekunde mbili.

Namalwa

—

Bondeni, Nakuru
9 Desemba 1956

Namalwa mpenzi,

Usikasirike na watu wa barazani. Hao wangeimba hata tangazo la dawa ya kupe.

Niliongea na wakala wa kampuni. Anasema santuri ikishatoka imetoka, na kwamba inauzwa hivyo kwa sababu ya lile swali. Kila mtu anajibu mwenyewe. Jumapili tulipoucheza hapa, niliingia ubeti wa tatu, nikasema "Maji!" kwa nguvu zote. Ukumbi ukanizomea. Mmoja akapiga kelele, "Kamdanganye mamako!" Ikabidi turudie kama ilivyo kwenye santuri ndipo wakatulia.

Unajua jinsi ilivyo hapa mjini? Nikipita mtaani wasichana wananiuliza, "Namalwa ni nani?" Nawajibu ni mwalimu. Wanasema ana bahati. Miezi minne iliyopita hakuna aliyejua kama niko hai. Sasa najisikia mtu. Nifurahie pamoja nami kidogo, halafu tutalitengeneza hilo lingine.

Wako,
Kimaiyo

—

Njoro
20 Januari 1957

Kimaiyo,

Nitaandika kwa kifupi ili usikose kuelewa.

Nimeitwa mbele ya wazee wa kanisa Jumapili, tarehe kumi Februari, baada ya ibada. Shtaka ni kwamba nilimpa mwanamume pombe, na "mambo mengine yanayoimbwa". Nimewaeleza habari ya maji. Mzee Nicodemus amesema, "Basi mwenye wimbo aje aseme."

Njoo useme. Simama mbele yao, sema alinipa maji, ilikuwa mchana, watu ishirini walikuwepo. Kisha rudi kwenye klarineti yako, sitakuomba kingine. Kutoka Nakuru mpaka hapa ni maili kumi na moja. Gari moshi la asubuhi linasimama Njoro. Ibada inakwisha saa tano.

Cheti lazima kifike chuoni kabla ya mwisho wa Februari.

Namalwa

—

Bondeni, Nakuru
26 Januari 1957

Namalwa mpenzi,

Nitakuja. Nitavaa lile shati la kurekodia. Nikimaliza kusema nitamuuliza baba yako habari nyingine, yeye na wewe mnaweza kukisia ni habari gani.

Kimaiyo

—

Bondeni, Nakuru
9 Februari 1957

Kwa Wazee wa Kanisa, Njoro

Waheshimiwa Wazee,

Nimeshikwa na homa kali, kwa hiyo sitaweza kufika kesho. Naandika badala ya kusema.

Mimi ndiye niliyetunga wimbo wa Namalwa. Siku ile nilianguka kwa vumbi na yeye alinipa maji katika kikombe cha bati. Naapa kwamba alinipa maji tu, na mpaka leo hajanipa kitu kingine. Ni msichana wa tabia njema sana na namheshimu.

Ni mimi mtiifu wenu,
Kimaiyo

—

Njoro
11 Februari 1957

Kwa Mwalimu Namalwa

Wazee waliketi jana, wakasikiliza maelezo yako na barua ya mpiga muziki. Uamuzi ni kama ifuatavyo.

Cheti cha tabia njema hakitatolewa. Nafasi ya chuo itapewa msichana mwingine. Kazi yako shuleni itakoma tarehe 28 mwezi huu, kwa kuwa wazazi kumi na wanne wameleta malalamiko.

Wazee hawasemi kwamba umetenda dhambi. Wanasema kwamba jina lako haliwezi kuitwa darasani bila kelele. Unashauriwa kuanzia sasa kutumia jina lako la ubatizo, Priskila.

Katika kazi ya Bwana,
Nicodemus, Mwenyekiti

—

Njoro
13 Februari 1957

Kimaiyo,

Natumaini homa imepoa.

Wewe hukuwepo, basi nikueleze kilichotokea. Barua yako ililetwa na utingo wa lori la maziwa. Mzee Nicodemus alinionyesha kwa mbali kwamba imefika, na kwa dakika kama tano nilikuwa na furaha.

Akaisoma kwa sauti mbele ya kanisa zima, maana watu wa ibada walikuwa wamebaki kusikiliza. Kabla hujazaliwa yeye alikuwa mkalimani wa korti, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa. Alipofika kwenye "mpaka leo" alisimama, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hajanipa," akasema. "Ndugu zangu, kijana ameandika 'hajanipa'. Hakuandika 'hakunipa'."

Mama Akoth akauliza, "Kwani si ni yale yale, mzee?"

"Si yale yale hata kidogo. Mtu akikwambia 'sikula', shauri limekwisha. Akikwambia 'sijala', anangojea sahani."

Kanisa likacheka. Ndani ya kanisa, Kimaiyo, mpaka mtu wa nyuma kabisa akaitikia kwa sauti ndogo, "Alikupa nini?" na wakacheka tena. Baba yangu alikuwa amekaa benchi la mbele. Alichukua kofia yake akatoka. Hajasema nami tangu siku hiyo. Nimeandika "hajasema" kwa makusudi. Bado nangojea.

Nilijaribu kuwaeleza kwamba kwenu nyumbani hamtumii Kiswahili, kwamba watu wengi wa huku bara huchanganya. Mzee Nicodemus akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mtu anayejua kutunga wimbo anajua anachokisema."

Nilikuomba neno moja kwa mdomo. Ulileta mengi kwa karatasi.

Usiniandikie tena.

Namalwa

—

Bondeni, Nakuru
15 Juni 1957

Kwa Bi Namalwa,

Baada ya salamu. Hunijui kwa sura. Mimi ni Bashir wa Kreta Jazi. Barua hii naituma kwa Mwalimu Chepngeno, nikitumaini atajua ulipo.

Kimaiyo ametuacha mwezi uliopita. Amekwenda Nairobi kwa bendi kubwa, na klarineti ya marehemu baba yangu amekwenda nayo. Dada yangu Kuluthum alikuwa ameahidiwa mambo, naye ameachwa na hayo hayo mambo mkononi. Kwa hiyo nina hasira, na nakwambia mapema ili uyapime maneno yangu. Lakini ni ya kweli.

Kwanza: siku ile ya wazee wenu hakuwa na homa. Aliamka saa nne, akaja kwetu, akala mandazi manane, akatusimulia kwamba ameshatuma barua nzuri. Nikamuuliza, kwa nini usiende mwenyewe? Akasema, "Wakinitazama watajua." Sikumwelewa. Hiyo barua hakunionyesha. Mimi Kiswahili nimekinyonya kwa mama, ningelitoa lile neno "hajanipa" ambalo habari zake zilitufikia baadaye.

Pili: habari ya dakika tatu. Tulirekodi mara mbili. Mara ya kwanza tuliimba beti zote tatu, na maji yakasikika vizuri kabisa. Ilichukua dakika tatu kasoro sekunde kumi. Mzungu wa mashine akasema iko sawa, ila kama mnataka, rudieni. Mara ya pili Kimaiyo aliuacha ubeti wa tatu, akapuliza kile kicheko. Wabeba nyaya wakaangua kicheko nao. Kimaiyo akawatazama. Nilimwona uso wake, Bi Namalwa. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mara ya kwanza. Mzungu akauliza, mnachagua ipi? Kimaiyo akasema, "Hii."

Nikamnong'oneza, "Na yule mwalimu wako?" Akasema, "Ataelewa."

Mimi nikanyamaza. Nilikuwa kiongozi wa bendi, neno langu lingetosha. Lakini hata mimi niliona ya pili ilikuwa bora. Bado naona hivyo, na hilo ndilo linalonikera.

Wasalaam,
Bashir

—

Nairobi
23 Machi 1958

Namalwa mpenzi,

Uliniambia nisiandike. Nimevumilia mwaka mmoja. Natuma kwa Mwalimu Chepngeno, kwa kuwa hakuna mtu Njoro anayekubali kuniambia uliko.

Nimekutana na wasichana wengi hapa. Wote wanampenda yule wa kwenye santuri. Nikivua koti, nikikaa kimya, wanachoka. Nimejichunguza sana na sasa najijua. Mimi si yule wa jukwaani. Mimi ni yule kijana aliyeanguka kwenye ngano, na katika dunia nzima ni wewe tu unayenijua hivyo. Laiti santuri ingekuwa ndefu kidogo! Dakika tatu zilitutenganisha.

Naomba unioe. Nacheka mwenyewe, tazama nilivyoandika. Naomba nikuoe. Wimbo ukishakuwa wa mke wangu, nani atakuwa na la kusema?

Tumekuwa safarini huko kwenu, pande za Nakuru. Jumapili iliyopita tulicheza Dundori, kwenye shamba la pareto, katika banda la kukaushia maua. Watu walikuwa wengi, nikawa natazama kila uso nikikutafuta. Niliamini kwamba ungekuwepo ningekujua hata katikati ya watu elfu. Sura yako sijaisahau hata siku moja.

Nijibu neno moja tu.

Wako mpaka kufa,
Kimaiyo

—

Dundori
13 Aprili 1958

Kimaiyo,

Chepngeno ameniletea barua yako mwenyewe, kwa miguu, akakaa nami nikiisoma.

Habari ya dakika tatu usiiandike tena. Bashir alinieleza mwaka jana. Iliyokuwa na maji ilikuwepo, ukachagua nyingine. Umesema umejichunguza sana. Hapo hukufika.

Nachuma pareto tangu Machi ya mwaka jana. Hapa naitwa Priskila, Namalwa hawamjui. Maua haya hayapatani na ngozi yangu. Uso umevimba na kubabuka, jicho la kushoto halifunguki vizuri asubuhi, kwa hiyo najifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Siku nikizidiwa, mnyapara ananitoa kwenye maua ananipa ndoo, nipeleke maji kwa watu.

Jumapili ile mlipofika nilikuwa na ndoo. Lori lenu lilisimama chini ya banda saa saba, jua kali. Ulishuka wa kwanza. Umenenepa, na una jino la dhahabu. Ulikuja moja kwa moja nilipo, ukasema, "Mama, hebu maji."

Nikachota. Kikombe ni kile kile cha bati, nilihama nacho. Ulikunywa chote, ukanirudishia, nikakuchotea tena. Ulikuwa unanitazama usoni. Ukasema, "Asante, mama. Watu wa hapa wanapenda wimbo gani?"

Jeruto, anayechuma mstari mmoja nami, ndiye aliyekujibu kwa niaba yangu: "Kwani kuna mwingine?" Ukacheka, ukaufuta mdomo kwa mkono, ukapanda bandani, mkaanza na huo huo.

Nilisimama mlangoni na ndoo yangu. Watu mia mbili wakauliza, "Alikupa nini?" Nikangoja, kwa kuwa nilifikiri pengine, kwa bahati, siku hiyo ungelisema. Ukaiweka klarineti mdomoni ukapuliza kicheko, na maji yangu yalikuwa hayajakauka kwenye ndevu zako.

Uliomba neno moja. Ninalo moja tu, lile la ubeti wa tatu, na ni lako kulisema: mimi nilikuachia tangu mwaka hamsini na sita.

Priskila